Kinyongo cha Sentimita Tano

Mwalimu Mektilda Mayala alikuwa na kinyongo chenye urefu wa sentimita tano. Alikuwa nacho tangu mwaka themanini na moja, na kufikia tisini na saba kilikuwa bado kizima, kimenawiri, hakijapungua hata milimita. Kuna watu husamehe, na kuna watu husahau. Mektilda hakuwa wa kundi lolote kati ya hayo, na wala hakuona sababu ya kujisingizia.

Mambo yalikuwa hivi. Akiwa Darasa la Sita, binti wa mkulima wa pamba wa Kasoli, alikuwa akishinda mchezo wa kuruka chini, yaani kuruka umbali mrefu, kuliko msichana yeyote wilayani Bariadi. Siku ya mashindano ya wilaya, mwalimu kijana aitwaye Constantine Masele ndiye aliyesoma futi kamba pembeni mwa shimo la mchanga. Mektilda aliruka mita tatu na sentimita arobaini. Msichana aliyemfuata aliruka mita tatu na sentimita thelathini na tano. Masele alikuwa mtu wa haraka, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya mto. Mruko wa kwanza akausoma, "Tatu nukta nne!" kwa kuwa chuoni alifundishwa kwamba sifuri ya mwisho baada ya nukta haina kazi, ifutwe. Wa pili akausoma, "Tatu nukta thelathini na tano!" Kisha akatazama karatasi yake, akaona nne, akaona thelathini na tano, akamtangaza mshindi yule wa thelathini na tano. Mchanga ulikuwa ukisawazishwa kwa reki kila baada ya mruko, kwa hiyo hapakuwa na alama ya mguu ya kubishania. Uwanja mzima ukapiga makofi. Nani asiyejua kwamba thelathini na tano ni nyingi kuliko nne?

Msichana yule akaenda Shinyanga kwenye mashindano ya mkoa. Akapanda basi, akarudi na viatu vya raba na habari za taa za barabarani. Mektilda akarudi Kasoli kwa miguu. Baba yake, mzee Mayala, alikuwa ameshawatambia majirani kwamba binti yake anakwenda Shinyanga, na mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Mtoto alipomwambia kuwa ameshinda ila mwalimu amekosea kusoma, mzee alichukua fimbo ya kuchungia akamcharaza mbele ya wageni walewale waliokuja kula mbuzi. Kushindwa angemsamehe. Kumsingizia mwalimu, hapana. Mzee alifariki miaka sita baadaye akiamini kwamba amezaa mwongo, na hapo ndipo kidonda cha Mektilda kilipokaa.

Jioni ile ya fimbo, bibi yake Nyanjige alimkuta nyuma ya ghala, macho makavu.

"Mbona hulii, mjukuu wangu?"

"Sina haja ya kulia, bibi."

"Sasa hapo peke yako unafanya nini?"

"Nasubiri nikue."

Akakua. Akasoma ualimu, akachagua hesabu, na alipopangiwa kufundisha Kasoli alimkuta Mratibu Elimu Kata ni nani? Constantine Masele. Tumbo lilikuwa limeongezeka, sauti ilikuwa ileile.

"Ng'wana Mayala! Mwangaluka!" alimwamkia binti wa Mayala kwa Kisukuma, kwa bashasha, mikono miwili. "Karibu nyumbani, mwalimu wangu. Tunakuhitaji hapa."

Hakukumbuka kitu. Hilo lilimkera Mektilda kuliko kosa lenyewe, kwamba mtu anaweza kukuvunja mguu halafu akakuuliza kwa huruma mbona unachechemea.

Akamchunguza kama ule ugonjwa bado anao. Alikuwa nao. Mratibu alipopita kukagua madaftari alisoma "mbili nukta ishirini na tano" bila wasiwasi, na akawakumbusha watoto kwamba sifuri ya mwisho haina kazi. Mwalimu mwingine angemvuta pembeni amsahihishe kwa adabu. Mektilda alinyamaza makusudi, akalihifadhi lile kosa kama mtu anavyohifadhi mbegu. Na kila mwaka mashindano ya wilaya yalipofika, Masele akateuliwa tena kusoma futi kamba kwa ajili ya ile sauti yake, Mektilda alijitolea kushika ncha ya upande wa pili, ile yenye sifuri. Ilikuwa kazi ya kupiga magoti juani kutwa nzima, na walimu wenzake waliikimbia. Yeye alipiga magoti miaka mitatu mfululizo. Alikuwa akisubiri siku ambayo namba zingejipanga tena vilevile, mbele ya Afisa Elimu wa Wilaya, wazazi na wageni. Siku hiyo angesimama, apanguse mchanga magotini, aseme kwa sauti ya upole, "Mratibu, hebu tusomee tena." Maneno hayo alikuwa ameyakariri. Wakati mwingine aliyasema peke yake akisonga ugali.

Ila kwenye kufundisha, mpe haki yake. Wilaya nzima hapakuwa na mwalimu aliyefundisha nafasi za tarakimu kama yeye, kwa sababu wenzake walifundisha kwa mshahara na yeye alifundisha kwa hasira. Watoto wa Darasa la Tano walibeba mabua ya mtama kutoka nyumbani. Bua moja ni mamoja. Mabua kumi yakifungwa pamoja ni mzigo mmoja wa makumi, na mizigo kumi ikifungwa pamoja ni mamia. Baada ya hapo wakarudi nyuma: bua moja likakatwa vipande kumi, hizo ndizo sehemu za kumi, na kipande kimoja kikakatwa tena vijipande kumi, hizo ndizo sehemu za mia. Watoto waliposhika mkononi vipande vinne, na mkono wa pili vipande vitatu na vijipande vitano, hakuna aliyehitaji kuambiwa upi una bua refu zaidi. Kusoma "nukta thelathini na tano" katika darasa lile kulikuwa ni kosa la kusimamishwa. Ilisomwa "nukta tatu tano", kila tarakimu kwa jina lake na nafasi yake.

Katika darasa hilo alikuwemo Joyness, binti wa mwisho wa Mratibu Masele. Mektilda alikuwa ameamua mapema kumchukia, na alijitahidi kweli. Alishindwa. Mtoto alikuwa na miguu mirefu na akili ya kupenda kujua chanzo cha kila kitu, na siku Mektilda alipouliza sifuri ya mwisho ina kazi gani, darasa zima likajibu kama Mratibu, "Haina kazi!" Joyness peke yake ndiye aliyenyoosha mkono.

"Mwalimu, sifuri ni zizi tupu. Ng'ombe hawamo, lakini zizi lipo."

"Endelea."

"Ukilibomoa, basi ukumbuke lilikuwepo. Ukisahau, utahesabu ng'ombe wa zizi moja kana kwamba wako zizi la jirani."

Mektilda alitaka kucheka na alitaka kulia. Kuanzia siku ile, kabla ya kulinganisha desimali yoyote, darasa lake lilikuwa na amri moja: "Jengeni mazizi!" Watoto wakaongeza sifuri mpaka namba zote mbili zikawa na mazizi sawa, ndipo wakalinganisha. Tatu nukta nne ikawa tatu nukta nne sifuri. Jambo dogo namna hiyo, na lingemwepusha na fimbo za baba yake. Aliliwaza hilo kila alipowasikia.

Basi mwaka tisini na saba ukafika. Enzi za ushirika kununua pamba peke yake zilikuwa zimepita, soko lilikuwa huria, na magari ya makampuni yalipishana Kasoli yakibembeleza wakulima kama wachumba. Kampuni moja mpya, ikitaka kujulikana, ilijitolea kudhamini michezo ya shule: fulana kwa waamuzi, soda kwa wageni, na juu ya safari ya Shinyanga, baiskeli nyekundu ya kike kwa msichana atakayeshinda kuruka chini. Baiskeli iliegeshwa jukwaani asubuhi, bado imeviringishwa makaratasi. Joyness alikwenda kuitazama mara tatu. Baba yake alikuwa amemwambia kwamba sekondari ya kutwa ya mjini ni mbali mno kwa mtoto wa kike kutembea, na Joyness, ambaye alikuwa bado na miaka miwili ya shule ya msingi, alikuwa ameshapiga hesabu zake.

Mektilda akapiga magoti kwenye ubao wa kurukia, akashika sifuri. Upande wa pili, Mratibu Masele, fulana mpya ikimbana tumboni, akashika futi kamba. Mwalimu Mihayo aliandika. Wasichana wakaanza kuruka.

Joyness alikimbia, akakanyaga ubao sawasawa, akapaa. Masele aliinama.

"Tatu nukta sita!"

Hakuna aliyekuwa amefika hapo. Kisha akaja wa mwisho, Goodness, msichana wa mjini mwenye raba miguuni. Naye akaruka vizuri. Masele akainama tena, akakaza macho.

"Tatu nukta hamsini na tano!"

Mektilda alijenga mazizi kichwani. Tatu nukta sita sifuri, na tatu nukta tano tano. Tofauti sentimita tano. Siyo nne, siyo sita. Tano. Miaka kumi na sita alikuwa akingoja, na imekuja na vipimo vyake kamili kama nguo iliyoshonwa na fundi anayekujua.

Masele aliisoma karatasi ya Mihayo, akapandisha kidevu. "Mshindi wa kuruka chini, wasichana: Goodness!"

Makofi yakapigwa. Mektilda akaanza kunyanyuka, maneno yake yako mdomoni. Ndipo akili yake ilipomwonyesha jambo ambalo kwa miaka yote ile hakuwahi kuliwazia. Aliyenyang'anywa safari hii ni mtoto wa Masele mwenyewe. Akisema, Masele ataaibika dakika tano, halafu binti yake atapanda baiskeli na nyumba nzima itacheka. Akinyamaza, Masele atakuwa amemkata mwanawe mwenyewe kwa ulimi wake mwenyewe, palepale alipomkata yeye.

Akarudisha magoti chini.

Joyness alikuwa amebaki amesimama kwenye mchanga. Akamsogelea baba yake, mikono nyuma, kwa heshima zote.

"Baba, samahani. Mruko wangu ndio mkubwa. Zizi la mwisho hujalijenga."

"Zizi gani?" Masele alishtuka. Akatupa jicho jukwaani, kwa Afisa Elimu wa Wilaya, kwa watu wa kampuni, kwa wazazi waliokuwa wameanza kunong'ona. Jasho likamtoka. "Hapa mimi si baba yako, ni mwamuzi. Unataka watu waseme nimempa mwanangu baiskeli? Sita na hamsini na tano, ipi kubwa?"

"Siyo hamsini na tano, baba. Ni tano, halafu tano."

"Nyamaza!" Akageuka, na sauti yake ikasikika mpaka nje ya uwanja. "Mwalimu wake wa hesabu si huyu hapa? Mwalimu Mektilda, mbele ya watu wote hawa, nimekosea?"

Joyness alimtazama mwalimu wake, na hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa kama mtu aliyekwisha kulipokea jibu, anasubiri tu lisomwe. Kidole cha Mektilda kilikuwa bado juu ya sifuri. Alimwona mzee Mayala na fimbo yake. Alimwona mbuzi. Alisikia wageni wakitafuna huku yeye akichapwa.

"Hujakosea, Mratibu," akasema.

Utamu wa maneno yale ulimpanda mpaka kisogoni, siwezi kudanganya. Ulidumu labda muda wa kuviringisha futi kamba. Kisha Afisa Elimu wa Wilaya alisimama jukwaani akachukua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, mmeona? Mtumishi wa umma ndiye huyu! Binti yake mwenyewe analia pale, na bado amesimamia ukweli. Mratibu Masele, njoo hapa mbele."

Watu wakamshangilia Masele kuliko walivyomshangilia mshindi. Akina mama wakapiga vigelegele. Watu wa kampuni wakampa mwavuli mkubwa wenye nembo yao, naye akaufungua palepale, akauzungusha juu ya kichwa, anacheka meno yote nje. Mektilda alitazama kisasi chake cha miaka kumi na sita kikitembea jukwaani chini ya mwavuli mpya. Alikuwa ametaka kumwona mtu huyu akivunjika. Hakuwahi kumwona mwenye furaha namna hiyo.

Jioni, wakingoja lori la kuwarudisha Kasoli, Masele alimfuata amshukuru.

"Wabeja sana, ng'wana Mayala. Ungesitasita kidogo tu pale, ningeumbuka. Na huyu mtoto, nikifika nyumbani ataniambia ni nani kamfundisha kumsingizia mwalimu."

"Mratibu..." Mektilda alianza.

"Naam?"

Bado palikuwa na nafasi. Sentensi moja tu ilitosha, hata ya kunong'ona. Lakini alimtazama usoni, uso usiokumbuka kitu, uliokuwa na raha ya mtu aliyelala usingizi miaka yote ile wakati yeye akikesha, na hasira ikamrudia yote, mbichi.

"Si kitu," akamwambia, akapanda lori upande wa mbele.

Jumatatu somo la kwanza lilikuwa hesabu. Joyness alikuja shuleni. Alikaa kwenye dawati lake kwa upande mmoja, kama mtu asiyeweza kukalia mwili wake wote, na Mektilda hakuhitaji kuuliza sababu, kwa kuwa mkao ule aliwahi kukaa yeye. Aliandika ubaoni: 2.7 na 2.48. Namba za sentimita tano hakuthubutu kuziandika.

"Ipi kubwa? Andikeni kwenye madaftari yenu kwanza."

Penseli zikakwaruza. Alipita katikati ya madawati, akaona kwa wote mazizi yamejengwa, mbili nukta saba sifuri, alama ya mshale imegeukia upande sahihi. Moyo wake ukatulia kidogo. Angalau hili lilikuwa limesimama. Kisha akaona mkono umenyooshwa.

"Haya, Joyness. Njoo uoneshe wenzako."

Mtoto alitembea polepole mpaka ubaoni. Akachukua chaki, akaizungushia 2.48 duara kubwa, safi, lisilo na haraka.

Darasa likaguna.

"Hapo umekosea, Joyness," Mektilda alisema. "Jenga mazizi kwanza."

"Sijakosea, mwalimu."

"Joyness."

"Saba ni ndogo kuliko arobaini na nane. Kama sita ilivyo ndogo kuliko hamsini na tano." Hakupandisha sauti. "Jumamosi uliulizwa mbele ya watu wote. Sote tulikuwepo."

Mwanzoni kikasikika kifutio kimoja, dawati la nyuma. Masunga, mtoto wa mjumbe, mvulana mwoga asiyependa kukosa, alikuwa akifuta jibu lake. Jirani yake akamchungulia, naye akafuta. Kisha safu ya dirishani. Kisha katikati. Watoto arobaini na mbili, waliobeba mabua kutoka nyumbani, walioshika sehemu za kumi na za mia kwa mikono yao, wakafuta sifuri zao moja baada ya nyingine, kwa sababu mwalimu wao alikuwa amesema, na mwalimu wao hakuwahi kuwadanganya.

Mektilda alifungua mdomo. Kuwazuia kulihitaji kitu kimoja tu: aseme kwamba Jumamosi alijua. Vifutio vikaendelea mpaka vikanyamaza vyenyewe.

Joyness alirudisha chaki mezani, akaiweka taratibu pale pale alipoikuta. Hakurudi kukaa. Alisimama mbele ya mwalimu wake, macho makavu kabisa.

"Kaa chini, Joyness." Mektilda akasema. "Unasimama hapo unafanya nini?"

"Nasubiri nikue, mwalimu."